Mtani Haweki Leso Mdomoni

Kabla simu hazijajifunza kujiunganisha zenyewe, Mbeya ilikuwa na wasichana wa kuziunganisha. Walikaa katika chumba cha nyuma ya posta, migongo imenyooka, vyuma vya kusikilizia vimebana nywele zao, na mbele yao ubao mkubwa uliojaa vitundu kama mzinga wa nyuki. Mtu wa Uyole akitaka kusema na mtu wa Iringa, alizungusha mkono wa simu yake, na kwenye ubao ule kifuniko kidogo chenye namba yake kikaanguka: tak. Msichana akachomeka waya, akasema, "Namba tafadhali." Hapo sauti ikaanza safari yake, ikapita Igawa, ikapita Makambako na Mafinga, juu ya nguzo zilizokuwa zikivuma kwa upepo wa baridi.

Benedicta Kalinga alikuwa mmoja wa wasichana hao, mwaka ule wa sabini na nne. Alikuwa Mhehe, mtoto wa Iringa, upande wa Tosamaganga, na alipomaliza chuo akapangiwa Mbeya. Alikuwa na haya kupita kiasi. Akienda dukani alisimama pembeni mpaka wote waliokuja baada yake wamehudumiwa. Lakini akishavaa chuma chake masikioni haya ilimwacha, kwa sababu huko waya ulikokwenda hapakuwa na macho ya kumtazama. Watu wa Mbeya waliijua sauti yake na hawakuijua sura yake. Mara ngapi alisimama sokoni Mwanjelwa akinunua viazi kwa mtu aliyemuunganisha asubuhi ile ile, naye mtu yule hana habari! Benedicta alilipa, akachukua viazi vyake, akaenda zake mtaa wa Soweto alikopanga chumba, akitabasamu peke yake.

Msimamizi wao alikuwa Mzee Joachim Gama, Mngoni wa Peramiho, mtu wa shati jeupe na sweta la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko. Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, na waliopigana mpaka wakachoka, wajukuu wao hawana budi kutaniana. Haikupita asubuhi Mzee Gama asisimame mlangoni, mikono nyuma, ofisi nzima ikimsikia, akileta utani ule wa zamani kwamba Wahehe hula mbwa.

"Benedicta! Mbwa wa jirani yangu hajaonekana tangu jana. Hebu fungua kinywa nikuangalie meno."

Wenzake walicheka mpaka waya zikawaponyoka. Benedicta aliinama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini Mhehe gani wewe? Babu zako walituzuia kwa mikuki, wewe unatuzuia kwa shikamoo. Mtani asiyejibu ni sawa na mwenyeji asiyekaribisha. Mimi, Joachim, mtoto wa Gama, nimesimama mlangoni pako na njaa yangu, na jibu hunipi. Ninakudai!"

Kila Jumapili, akifua nguo zake uani, Benedicta alitunga majibu. Mengine yalikuwa makali kweli kweli, mpaka akacheka juu ya beseni. Ikifika Jumatatu, jibu lilipanda mpaka kooni, likakaa hapo hapo.

Aliyekuwa akimjibia watu tangu utotoni ni Rozalia. Hao wawili walisoma pamoja, na chuoni walilala kitanda kimoja msimu wa baridi, wakavuta blanketi moja huku na huku mpaka asubuhi. Jumapili walizokuwa nyumbani walipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa linaloutazama mji, wakala mapera na kutemea mbegu upande wa mabondeni. Moshi wa mji ulipanda chini yao, kengele ya kanisa ikalia, na Rozalia akawaita kwa sauti watu waliokuwa wadogo kama siafu huko chini, akiwauliza wanakwenda wapi. Benedicta alificha uso kwa haya, na moyoni alitamani siku ile isiishe.

Sasa Rozalia alikuwa karani katika ofisi ya mfanyabiashara wa mbao pale Miomboni, Iringa mjini, kazi yake kupiga taipu na kupokea simu. Alasiri, laini ya mbali ilipokuwa imelala, wasichana wa Iringa waliwaunganisha hao marafiki kidogo.

"Kamwene, Mbeya!"

"Kamwene, Iringa! Mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Ulanzi umeanza kutoka. Mjomba wako jana kasahau njia ya kwake, kaja kulala kwetu, kamwita mama yangu mke wangu."

Benedicta alicheka kimya kimya, na harufu ya udongo wa kwao na ya pombe ile ya mianzi ikamjia puani pale pale, kati ya nyaya na vitundu.

Halafu kicheko cha Rozalia kikaanza kupungua. Siku moja simu ililia muda mrefu kabla haijainuliwa.

"Roza, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona hupokei?"

Ikaja sauti ndogo ambayo Benedicta hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu yule. "Bene, naogopa kuinua simu."

Akamweleza. Kuna mwanamume hupiga. Hajitaji jina. Husema mambo ya mwili wake, mambo ambayo hata mlevi wa pombe ya mtama hayasemi. Husema anaijua njia yake ya kurudi nyumbani, ile ya kando ya mto, na kwamba jioni moja mtu atakuwa akimngojea kwenye matete. Tajiri wake amemkuta akilia huku kashika simu, naye hakuuliza. Alisema tu kwamba simu ile ni ya mbao, si ya mabwana, na mwezi ukiisha simu hizo hazijakoma, atatafuta karani mwingine.

"Nitaacha mwenyewe kabla hajanifukuza," alisema Rozalia. "Nitarudi kijijini nikalime. Afadhali jembe. Jembe halina mdomo."

"Hupiga wakati gani?"

"Mchana, watu wakienda kula. Kwanza opereta anasema, 'Iringa, ongea na Mbeya.'" Rozalia akashusha sauti. "Bene, ni sauti yako hiyo."

Benedicta aliutazama mkono wake ulioshika waya, akauona kama mkono wa mtu mwingine.

Kesho yake mchana, ofisi ikiwa nusu tupu, kifuniko cha ghala la mbegu la Uyole kilianguka. Akachomeka.

"Dada wa simu, hujambo? Pole na kazi. Nakusumbua, nipatie Iringa," na sauti ikaitaja namba ya ofisi ya mbao, taratibu na kwa adabu, kama siku zote alizodhani Benedicta kwamba ni mambo ya mbao.

Alimjua. Ni Philbert, msimamizi wa ghala lile, kijana wa kupendeza, aliyekuja posta amepaka mafuta mazuri ya nywele na kuwasalimu wote mpaka mfagiaji. Naye alikuwa Mngoni, kwa hiyo alimtania Mhehe yeyote aliyemwona kwenye foleni. Rozalia mwenyewe aliwahi kumsimulia: Pasaka iliyopita, kwenye arusi ya binamu yake, kijana wa ghala kutoka Mbeya alimng'ang'ania wacheze dansi, kisha akamng'ang'ania mengine, naye akamkatalia mbele ya watu, na watu wakacheka.

Kanuni ilikuwa kwamba ukishaunganisha, unafunga masikio mpaka dakika tatu za malipo zifike. Benedicta alifunga. Zilipofika akafungua ili aseme lake, na maneno yaliyokuwa yanapita kwenye waya yakamwingia kabla hajawa tayari. Sauti ilikuwa nzito, imezibwa, kama ya mtu anayesema ndani ya chungu.

"Dakika tatu zimekwisha," alisema. "Unaongeza?"

Kitambaa kikasugua mdomo wa simu, khrr, na sauti tamu ikarudi. "Ongeza tafadhali, dada."

Hapo ndipo alipoelewa. Kwa ajili ya Rozalia mtu yule aliziba mdomo wa simu kwa leso. Kwa ajili ya opereta aliiondoa. Opereta kwake hakuwa mtu. Alikuwa kipande cha mashine, na nani anaionea haya mashine?

Juu ya ubao ule, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na karatasi ya sheria iliyopauka kwa jua. Ilisema kwamba mtumishi hatatoa siri ya simu kwa mtu yeyote. Benedicta aliapa mbele ya karatasi ile siku yake ya kwanza kazini, na kwa mtoto aliyelelewa na masista, kiapo ni kiapo. Basi hakumwambia Rozalia jina. Alifanya jambo la mtu mwoga: kifuniko cha Uyole kilipoanguka tena mchana, alisema, "Samahani, laini ya Iringa imekatika." Kesho yake akasema hivyo hivyo, na kesho kutwa. Alikuwa hajawahi kudanganya kwenye simu, na kila aliposema vile masikio yalimwaka moto.

Philbert hakukaa kimya. Alikuja mwenyewe kaunta, akalalamika kwa tabasamu kwamba kazi za taifa zinalala kwa sababu ya msichana mmoja mvivu. Mzee Gama alimsikiliza, akamshukuru, kisha akamwita Benedicta kwenye meza yake. Siku hiyo hakumtajia mbwa.

"Laini ya Iringa haikukatika. Nimeipima mwenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Nikiandika hili juu, kazi huna. Kwa nini ulisema uongo?"

Benedicta alitazama kiraka cha sweta lile. "Siwezi kusema, mzee. Nimeapa."

Mzee Gama aliacha kuuliza. Hakuwa mtu wa kuhitaji kuambiwa kila kitu. Alikaa na nyaya zile tangu wakati wa Waingereza, na alijua vitu vinavyopita humo. Alinyanyuka, akaitoa ile fremu ukutani, akafuta vumbi kwa kiganja, akaiweka mezani.

"Soma."

"Naijua kwa moyo, mzee."

"Unajua nusu. Wote mnajifunza nusu ya kutisha. Soma ya chini, penye kivuli cha fremu."

Akasoma. Ilisema kwamba ni kosa kutumia simu kumtukana mtu, kumtisha au kumsumbua, na kwamba aliyesumbuliwa anaweza kushtaki.

"Sasa sikia," alisema Mzee Gama. "Sisi hatupeleki maneno kwa mtu. Lakini aliyeumizwa akilia polisi, na polisi wakaja kutuuliza kwa sheria, hapo hatutoi siri, tunatoa ushahidi. Mlango unafunguliwa na yeye, si na wewe. Mwambie afungue. Jina usimtajie."

Alasiri ile Benedicta alimwambia Rozalia, na Rozalia akacheka kicheko kibaya.

"Nikashtaki! Nikasimame mbele ya wanaume wenye kalamu, wakaniuliza, 'Alisema nini hasa?' Nikayarudie? Bene, nitakufa pale pale."

Benedicta akasikia mtu akisema, "Njoo tu. Nitasimama na wewe. Kama lazima yasemwe, nitayasema mimi." Ilimchukua kitambo kutambua kwamba mtu huyo ni yeye.

Rozalia alishuka kwenye basi la Iringa amevaa masweta mawili, uso umekonda. Walishikana mikono kama watoto wa darasa la kwanza, wakatembea hivyo mpaka polisi. Mzee Gama aliwafuata nyuma, fremu imefungwa gazetini na kubanwa kwapani. Mashtaka yaliandikwa, posta ikaulizwa, na Mzee Gama akajibu kwamba simu zile zote zilitoka ghala la Uyole. Kesho yake Philbert akaitwa. Alikuja amevaa suti, akampa sajini mkono, na alipomwona Rozalia akapiga makofi kwa furaha.

"Ala! Kumbe ni huyu! Afande, huyu ni mtani wangu. Mimi Mngoni, yeye Mhehe. Nilikuwa namtania tu. Mtani akishtaki mtani, dunia si imekwisha?"

Sajini akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na watani wake, na alikumbuka walivyomnyang'anya kofia kwenye msiba wa baba yake. Nani asiyejua kwamba utani hauna kesi? Mtani anaweza kukuita mchawi, akakuchukulia kuku, akakalia kiti cha marehemu, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Aliweka kalamu chini.

"Binti, mtani wako amezidisha kidogo. Mwombe akununulie kanga. Peaneni mikono, mwende nyumbani."

Rozalia alifungua mdomo. Yalitoka machozi. Philbert alikuwa tayari amenyoosha mkono.

Mzee Gama akaanza kujiinua kwenye benchi, lakini magoti yake yalikuwa ya kizee, na Benedicta alikuwa amekwisha simama. Chumba kizima kilimtazama. Haya ilimpanda mpaka masikioni, kisha, kama mtu aliyefika kileleni mwa Gangilonga, haikuwa na mahali pengine pa kupanda.

"Afande, nimeapa kutunza siri ya simu. Lakini utani si siri. Utani husemwa mbele za watu. Huyu Mzee Gama ni mtani wangu. Kila asubuhi ananiambia nimekula mbwa wa jirani yake. Anasema mchana, ofisi nzima inasikia, na jina lake analitaja mpaka la baba yake. Sijawahi kurudi nyumbani nikilia." Akameza mate. "Kama ule nao ulikuwa utani, basi ndugu Philbert atutanie hapa. Mimi ni Mhehe kama Rozalia. Aniambie mimi, mbele yako na mbele ya Mngoni mwenzake, yale yale aliyomwambia yeye. Kwa mdomo wake. Bila leso."

Sajini alimtazama, akamgeukia Philbert, tabasamu lake likiwa bado linangoja kichekesho.

"Haya, mtani. Tania."

Chumba cha pili mtu alikuwa akipiga taipu kwa kidole kimoja. Philbert alimtazama sajini, akamtazama Rozalia, akafika kwa Mzee Gama, akaishia hapo. Jasho lilimtoka, na baridi yote ile ya Mbeya. Akatoa leso mfukoni ajifute, akaona kila mtu anaitazama leso ile, akairudisha.

"Tania, bwana," alisema sajini, na sasa hakuwa akitabasamu. "Tunakusikiliza."

"Ni... ni mambo ya vijana, afande."

Mzee Gama alizungumza akiwa ameketi, kwa upole, kama anayemwambia mtoto afunge vifungo vya shati. "Mwanangu, babu yangu na babu wa hawa mabinti walitoana damu. Lakini kila mmoja alijitaja ukoo wake kabla ya kurusha mkuki. Ndiyo maana leo tunaweza kucheka. Wewe umejificha nyuma ya waya na kitambaa. Usituingize Wangoni ndani ya leso yako."

Sajini aliokota kalamu. Hakuna aliyemuuliza Rozalia alichoambiwa. Swali lile lilikuwa limebaki kwa mwenye kulijibu, na mwenye kulijibu alikuwa anatazama viatu vyake.

Yaliyofuata yalikuwa ya sheria, na sheria ilikwenda polepole kama ng'ombe wa Usangu wakipandishwa mlima, lakini ilifika. Kesi ilisikilizwa, Philbert akaadhibiwa, na wenzake wa ghalani walipomwona hadharani hawakumcheka wala hawakumtania. Tajiri wa mbao alipopata habari alimtuma mtu amwombe Rozalia arudi mezani kwake. Rozalia akarudi. Simu ya kwanza kutoka Mbeya aliiacha ilie kidogo, kisha akainua.

"Iringa, ongea na Mbeya," alisema Benedicta.

"Mbeya ndiyo nani? Jitaje!"

"Benedicta, binti Kalinga, wa Tosamaganga."

"Haya, mwoga wangu. Sema."

Wakacheka wote wawili mpaka opereta wa Iringa akauliza kulikoni.

Siku ile ya polisi, wakishuka ngazi, Mzee Gama alikuwa amesema, "Benedicta, leo umejibu. Lakini hukunijibu mimi. Bado ninakudai."

"Kesho, mzee."

"Kesho ya Mhehe! Hata vita mlitwambia njooni kesho."

Zikaja kesho nyingi. Mzee aliendelea kumwambia afungue kinywa kila asubuhi, naye akaendelea kuinama na kusema shikamoo, maana haya haiondoki kwa siku moja. Mzee alistaafu, akakaa Soweto na kulima kabichi. Mwaka wa sabini na tisa, wakati wa ukungu, akafariki.

Waombolezaji walijaa uani. Jeneza lilipoinuliwa na kufika kwenye geti, wabebaji walikuta njia imefungwa. Mwanamke alikuwa amelala kwa kujinyoosha katikati, amevaa sweta la marehemu, lile la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko, aliloazimwa na mjane. Kando yake alisimama mwanamke mwingine aliyetoka Iringa usiku kwa usiku, akapiga kigelegele.

"Mngoni hapiti hapa!" alipaza sauti Rozalia. "Watani wamefunga barabara!"

Benedicta akainuka, akakunja mikono nyuma, akatembea mbele ya jeneza kwa mwendo ule ule wa mzee, na mjane, machozi yakimtiririka, akaanza kucheka.

"Namba tafadhali!" alisema Benedicta, sauti yake ikafika mpaka nyumba za jirani. "Mimi ni Benedicta, binti Kalinga, Mhehe wa Tosamaganga, nimekuja kulipa deni. Mzee Gama, yule mbwa wa jirani yako, ni mimi niliyemla! Alikuwa mnono! Nilikuwekea mkia, ukachelewa kuja, kama mlivyochelewa vitani!"

Uani kote watu walicheka wakishikana mabega. Wangoni walimtupia senti za kufungua njia na matusi mazuri, nao Wahehe wakayadaka. Benedicta alisubiri kicheko kipungue. Kisha akasogea karibu na jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao, na kwa sauti ndogo ile ya zamani, ambayo Mbeya nzima iliijua kabla haijaijua sura yake, akauliza, "Dakika tatu zimekwisha, mzee. Unaongeza?"

Alingoja kidogo, kama alivyozoea kuwangojea wateja wote. Halafu akasogea kando, akawapisha.